Mtani Hapigi Hodi

Magomeni, Mtwara

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Leo nimeitwa shuleni kwa Saumu. Mwalimu mkuu akanikaribisha kiti, na kwa uzoefu wangu ukikaribishwa kiti ofisini ujue habari si nzuri. Kiswahili mtoto wako anaongoza, akasema, maarifa anaongoza, siasa ndiyo usiseme. Kisha akanisogezea karatasi zake za hesabu, akaniacha nijionee mwenyewe. Hazikuwa na kosa hata moja. Zilikuwa tupu.

"Kwani hajui?" nikamuuliza.

"Hatujui kama anajua au hajui, Mama Saumu. Hajawahi kutuambia."

Mtihani wa darasa la saba ni Novemba. Wasichana watakaochukuliwa sekondari kutoka wilaya nzima nadhani wataenea kwenye baraza yangu na nafasi itabaki. Mimi niliishia darasa la nane, nikaingia ukunga, na sijutii. Lakini Saumu tangu hajaota meno ya ukubwa anataka kuwa daktari, si mkunga wa kukimbia kumwita daktari kama mama yake. Bila hesabu hilo limekwisha. Ndiyo maana leo nimeanza kuandika, hasira yangu ipate pa kukaa. Mama yangu, tunayekaa naye, anasema humu ndani imeshajaa.

Jumatano, 4 Agosti

Upepo na vumbi. Mama kaenda Likombe kupalilia chini ya mikorosho, magoti yake na yeye hawasikilizani. Maua yameanza.

Jumamosi, 7 Agosti

Baba Saumu amerudi kutoka vijijini, ushirika unatayarisha vituo vya kununulia korosho na kuanzia mwezi ujao tutamwona kwa nadra. Nikamweleza. Akasikiliza huku anakula, akasema, "Mama Saumu, mtoto si kuku kwamba ukimkimbiza ndiyo atataga." Abeid ni mtu wa Mikindani, kwao hakuna jambo la haraka. Nikamwambia Novemba haitamsubiri mtu wa Mikindani wala wa Masasi.

Nimempata mwalimu. Ni mzee Danieli, aliyefundisha shule za misheni miaka mingi na sasa kastaafu. Alikuja na tai. Saa tisa aliyosema ikawa saa tisa. Akakaa wima, akauliza kama nyumba hii ina utulivu, nikamjibu utulivu ndio pekee tulio nao. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumanne, 17 Agosti

Mwalimu Danieli anafundisha, Saumu anaitikia "ndiyo, mwalimu". Nyumba imetulia, hata jogoo anatembea kwa heshima.

Jumapili, 29 Agosti

Mwalimu Danieli amekuja leo si siku yake, na hakutaka chai. Akasema hawezi kuendelea kula jasho langu bure.

"Mtoto ni mvivu?" nikauliza.

"Sivyo. Ananiheshimu mno." Akavua miwani, akaifuta. "Juzi nilikosea. Nane mara saba nikaandika hamsini na nne. Uzee huo, Mama Saumu. Nikaona macho ya mtoto yamesimama pale pale. Aliona. Kisha akainamisha kichwa, akanakili hamsini na nne."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu mimi ni mwalimu. Umemlea vizuri sana."

Nikamwambia kulea vizuri si kosa. Akasema hapana, si kosa, akavaa kofia yake akaenda zake. Nimekasirika mpaka sasa na sijui ninamkasirikia nani. Mzee wa watu amekataa malipo ya haki kwa sababu ya ukweli wake, nami nimemmwagia maneno kana kwamba kaniibia.

Jumamosi, 4 Septemba

Kijana Shaibu wa sekondari, aliyeko likizo, kaja mara mbili. Anamfanyia Saumu hesabu zote kwa mwandiko mzuri, kisha anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Nimemshukuru, akaenda zake.

Ijumaa, 10 Septemba

Kliniki leo tumezalisha mtoto wa kilo nne na zaidi, na baba yake alipokuja kumtazama manesi wakaninong'oneza kwamba kabla ya kuwa mpima ardhi wa serikali alifundisha hesabu miaka mingi. Anaitwa Kasiani. Mtu mzima, mpole, kofia yake kaishika mkononi wakati wote. Nikamweleza shida yangu pale pale ukumbini. Akasema atakuja Jumapili baada ya misa, na kuhusu malipo tutazungumza baadaye. Sikumuuliza kabila lake. Siku hizi sote ni ndugu, na mtu anayeuliza makabila anaonekana wa zamani.

Jumapili, 12 Septemba

Kumbe ningeuliza.

Alifika, akapiga hodi kwa adabu, akavua viatu. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele. Akamtazama mgeni kuanzia miguu kwenda juu, kama anavyotazama kitambaa dukani kule Chikongola.

"Mgeni wa wapi?"

"Songea, bibi."

"Songea ni pakubwa."

"Mngoni, bibi. Na nyie?"

"Sisi Wayao."

Mama akaweka ungo chini. Mama huyu, ambaye kuinuka kwake kwa kawaida ni shughuli ya watu wawili, akasimama peke yake, akamnyang'anya kofia mkononi, akaiweka kwenye mkeka, akaikalia.

"Mtumwa wangu kajileta mwenyewe," akasema. "Zamani tulikuwa tunahangaika kuwakamata."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule bwana mpole wa kliniki alibadilika mbele ya macho yangu. Akacheka, akasema babu yake ndiye aliyewafukuza Wayao mpaka akachoka, akasema waacheni hao, watajichosha wenyewe. Kisha akaingia jikoni kwangu, jikoni kwangu mimi, akafunua chungu, akatoka na kipande cha muhogo anatafuna. Akasema muhogo hauna chumvi, ndivyo watumwa wanavyopika.

Najua utani, sikukulia mbinguni. Babu zao walipigana na babu zetu, vita vikaisha, yakabaki matusi, na matusi yakawa undugu. Mtani hapigi hodi. Mtani halipwi, anachukua. Akikuta chako anabeba, nawe ukikuta chake unabeba, na anayenuna ndiye mjinga. Msibani yeye ndiye anayewachekesha wafiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu. Yote hayo nayajua. Ila mimi sikuleta mtani, nilileta mwalimu wa hesabu.

Nikageuka kumtazama Saumu, nimfanyie ishara kwamba aende ndani. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitabu cha hesabu, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikamwacha.

Jumapili, 19 Septemba

Kasiani hapigi tena hodi. Naona kivuli kimepita mlangoni na tayari yuko ndani. Wiki hii kachukua mwavuli wa Abeid, akautundika kwenye baiskeli na kuondoka nao jua likiwa kali. Nikamwambia mama huu ni wizi. Mama akasema wizi ni wa mtu baki.

Masomo yenyewe ni kelele tupu. Nasikia kutoka jikoni: "Hizo ni hesabu za Kiyao, za kuhesabia waliokimbia!" Halafu sauti ya mwanangu, ambayo sijawahi kuisikia ikiwa juu hivyo: "Na wewe umehesabu kama Mngoni mwenye njaa!" Sielewi anayefundisha ni nani na anayefundishwa ni nani.

Kabla hajaondoka akasimama mbele ya banda la kuku, akamtazama jogoo wangu kwa muda. "Jogoo huyu ana akili," akasema, "hafai kukaa na Wayao." Nikamwambia achukue nyumba nzima lakini si jogoo. Jogoo ndiye saa yangu, yeye ndiye anayeniamsha zamu ya asubuhi. Akatikisa kichwa, akasema amesikia. Sikuipenda namna alivyosikia.

Jumapili, 26 Septemba

Ungo umekwenda. Mama naye kachukua pampu ya baiskeli ya Kasiani. Hatuna baiskeli.

Jumapili, 3 Oktoba

Joto. Korosho zinaanguka na mama anarudi Likombe kila jioni ananuka mabibo. Saumu aliimba jikoni leo akiwa anaosha vyombo. Sijui hilo lina uhusiano gani na asilimia na sehemu, na hakuna wa kumuuliza, Abeid yuko kwenye mizani yake vijijini.

Jumapili, 10 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na nilikuwa na haki ya kulifanya. Naandika lilivyokuwa.

Wakati wao wanakula muhogo barazani, nilifungua daftari la hesabu la Saumu. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Kasiani, ule wa kulalia upande: nusu jumlisha theluthi, jibu mbili ya tano. Chini yake robo ya mia, jibu arobaini. Nikageuza. Uongo mwingine, na mwingine, mwandiko ule ule, na kila jibu kalipigia mstari chini kwa fahari. Hakuna hata moja lililosahihishwa. Mimi si mtu wa hesabu, lakini vidonge nagawa kila siku ya Mungu, na robo ya mia naijua.

Niliogopa. Baadaye ndipo nilipokasirika, lakini kwanza niliogopa kabisa. Mtihani ni mwezi ujao. Wiki zote hizi nimevumilia makelele na kupoteza vyombo vyangu nikidhani nyuma ya mzaha kuna elimu, kumbe nyuma ya mzaha kulikuwa na mzaha.

Sikupiga kelele. Nilitoa vikombe vya wageni, nikachemsha chai ya maziwa, nikaweka kiti. Nikasema, "Ndugu Kasiani, tunakushukuru sana kwa muda wako. Umetusaidia kwa mengi, nasi tumeona tusikusumbue zaidi, maana una mtoto mchanga nyumbani."

Alikuwa na kikombe mkononi. Akamtazama mama. Mama akatazama mkeka.

"Asante, Mama Saumu," akasema taratibu. "Karibuni na kwetu."

Akanywa chai yote. Akavaa kofia yake, ambayo tangu siku ile mama alipoikalia haijakaa sawa. Akaufungua mwavuli wa Abeid kutoka kwenye baiskeli, akauegemeza ukutani, akaenda.

"Umemtukana," mama akasema.

"Nimemshukuru, mama. Umesikia mwenyewe."

"Ndivyo nilivyosikia."

Nikamuuliza Saumu kwa nini hakuniambia kwamba mtu huyu anakosea. Akainamisha kichwa. Akafunga daftari, akalipanga juu ya vitabu vingine, kingo kwa kingo.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimempa Saumu maswali kutoka kitabuni, nikakaa naye mimi mwenyewe. Karatasi imerudi tupu.

Ijumaa, 15 Oktoba

Tupu.

Jumapili, 17 Oktoba

Nilikwenda kumwomba mzee Danieli arudi. Majirani wanasema yupo Masasi kwa mwanawe hadi Krismasi. Nimerudi kwa miguu juani nikiwa nimebeba mwavuli bila kuufungua. Mama hanisemeshi zaidi ya salamu.

Alhamisi, 21 Oktoba

Ramadhani Mosi. Saumu kafunga. Kimya chake sasa kina sababu, na hivyo ni rahisi kidogo kukivumilia.

Jumapili, 24 Oktoba

Tulikuwa tunatayarisha futari, mimi na Saumu, mama kajilaza ndani. Abeid alikuwa amerudi na wenzake wa ushirika wawili. Mimi hupenda kupima kwa sauti. Nikasema, "Watu wanne huwa ni vibaba viwili vya unga. Leo tuko sita, wameongezeka wawili, basi vibaba vinne." Nikaanza kupima.

Saumu akafungua mdomo. Akaufunga.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, mama."

"Sema."

Nikatazama kibaba mkononi, nikatazama unga. Nikaona kuna kitu, lakini sikuona ni nini.

"Saumu, nimekosea?"

"Siwezi kukucheka wewe, mama," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikaweka kibaba chini. Sikuelewa, nikamwambia sielewi, anieleze. Akanieleza polepole, akitazama unga. Kwamba mtani hakosei, anakosea makusudi. Anaandika uongo, anaupigia mstari, anajisifu kwamba hizo ndizo hesabu za wafalme. Kazi ya Saumu ni kumcheka. Lakini kumcheka bure haikubaliki, lazima kwanza amwonyeshe uongo ulipo, amwonyeshe mpaka akose pa kutokea, ndipo acheke. Asipouona, mtani ndiye anayemcheka yeye, na hilo hakubali.

"Ile nusu na theluthi?" nikauliza.

"Nilimwambia, nimekupa nusu ya muhogo, nikakuongeza na theluthi, halafu unasema umebaki na mbili ya tano? Mbili ya tano haifiki hata nusu. Nimekuongeza ukapungukiwa? Ndiyo maana Wangoni mna njaa kila siku." Alikuwa bado analia, lakini mdomo ulikuwa unataka kucheka. "Akagaagaa kwenye mkeka. Akasema nimemuua."

"Na jibu lake hasa?"

"Tano ya sita." Hakutazama popote.

"Kwa nini hamkusahihisha daftarini?"

"Tulikuwa tunaandika chini, kwa mkaa. Alisema uongo ndio ubaki kwenye karatasi, ukweli nibaki nao mimi."

"Na kwa nini hukuniambia siku ile?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa umeshamwita Ndugu."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikumbuka mzee Danieli na hamsini na nne yake. Mtoto anaona kosa la mkubwa, anajua kulitaja ni utovu wa adabu, basi analimeza. Akimeza makosa ya wakubwa mchana kutwa, atabaki na nafasi gani ya kufikiri? Hesabu kila hatua inakutaka useme hili ndiyo na hili siyo, na mwanangu hana mtu wa kumwambia siyo. Mwalimu hapana, mama hapana. Alikuwa naye mmoja tu, Mngoni, nami nikamfukuza kwa vikombe vya wageni.

"Ni vibaba vingapi kwa watu sita?" nikamuuliza.

"Vitatu, mama."

"Sasa nicheke."

Hakuweza. Alijaribu, ikatoka sauti ya kikohozi. Tukapunguza unga.

Jumatatu, 25 Oktoba

Alfajiri baada ya daku nilimuuliza mama mtani anarudishwaje. Haya ndiyo mazungumzo yetu marefu ya kwanza tangu siku nilipomfukuza Kasiani.

"Huombi radhi," mama akasema. "Ukimwomba radhi umemmaliza kabisa. Nenda kachukue kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote anachokipenda. Mbele za watu. Na umtukane vizuri, usinitie aibu."

Nimefanya kazi kliniki miaka kumi na sita, na katika mji huu watu wananiinukia ninapopita. Saa nne nilikuwa ofisi ya ramani na sare yangu nyeupe imepigwa pasi. Ndani kuna meza ndefu, karatasi kubwa, na vijana wanaochora bila kuzungumza. Bwana mkubwa wao alikuwepo, miwani puani. Kasiani alikuwa dirishani anapiga mstari kwa rula. Kofia iko kwenye msumari.

Nikaitoa kofia msumarini, nikaivaa juu ya kofia yangu ya unesi.

"Nasikia hapa kuna Mngoni," nikasema, "ambaye ukimwongezea chakula kinapungua. Na huyo ndiye serikali imempa kupima ardhi. Sasa nimeelewa kwa nini mipaka ya Mtwara haieleweki."

Kalamu zote zikasimama. Bwana mkubwa akainua miwani. Kasiani hakugeuka. Aliuvuta mstari wake mpaka mwisho, akaweka rula, akaweka penseli pembeni ya rula.

"Mama Saumu," akasema, "kwani hujafunga?"

"Nimefunga chakula. Mdomo sijaufunga."

"Mlinifukuza."

"Tulikufukuza kwa adabu. Leo nimekuja bila adabu, mtumwa wewe, na mtoto anakusubiri saa kumi."

Akaanza kucheka kwa mabega kwanza, kama Saumu anavyocheka. Halafu kikaja kicheko chenyewe. Bwana mkubwa akauliza huyu mama ni nani, mmoja wa vijana akamwambia, "Watani hao, mzee, waache," na akaelewa mara moja, akarudi kwenye karatasi zake.

"Rudisha kofia yangu," Kasiani akasema.

"Ifuate."

Nilitembea mpaka kliniki nikiwa nimeivaa. Wajawazito walinitazama, nami nikawatazama.

Saa kumi kivuli kikapita mlangoni. Akachukua kwanza mwavuli ukutani, akautundika kwenye baiskeli. Kisha akakaa mkekani, akaandika kitu daftarini, akakipigia mstari chini. Saumu akakisoma. Nilisubiri jikoni, nimeshika mwiko. "Wewe mtu," nikamsikia anasema, "wewe ulisomea wapi?"

Jumapili, 31 Oktoba

Anakuja kila jioni sasa. Ungo haujarudi, na sitauulizia. Nimejifunza kukaa karibu nao nikichambua mboga. Jana Kasiani alinitupia swali na mimi, nikakosea, na Saumu akacheka kidogo kabla hajakumbuka mimi ni nani. Niliumia na nikafurahi.

Jumatatu, 8 Novemba

Mtihani, siku ya kwanza. Kiswahili na maarifa. Kesho hesabu. Mama kamfanyia dua ndefu, akaongeza na laana moja kwa Wangoni wote ili asali isikose pilipili.

Jumanne, 9 Novemba

Nilibadilishana zamu ili niwepo nyumbani anaporudi. Akaja taratibu, begi begani, akakaa pale pale barazani bila kuvua viatu.

"Palikuwa na swali moja la tangi," akasema, "bomba moja linajaza na jingine linatoa. Nikakwama, mama. Nikakaribia kuliacha tupu kama zamani. Nikajiambia swali hili kaliandika mtani, kasimama hapo nyuma yangu anajisifu."

"Halafu?"

"Nikamcheka kimoyomoyo. Nikamwonyesha."

"Na mengine?"

"Sikuacha hata moja tupu."

Sikumuuliza kama yote ni sahihi. Nilitaka sana kumuuliza. Nikamwambia akapumzike, bado kuna saa nyingi mpaka magharibi.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Kasiani kaja na mkewe na mtoto, kachukua sahani ya pilau, nikimaanisha na sahani.

Jumapili, 5 Desemba

Mvua. Korosho za Likombe zilishaanikwa na kuuzwa, alhamdulillahi, mabibo ya mwisho yanaozea chini. Abeid amerudi nyumbani amekonda. Ananitazama nikicheka na Saumu jikoni, anauliza msimu huu tumekula nini sisi.

Jumamosi, 25 Desemba

Mama kaenda kwa Kasiani kuchukua haki yake ya Krismasi. Karudi na kofia nyingine.

Jumatano, 29 Desemba

Ilisemekana majina yatabandikwa bomani leo. Kasiani ofisi yake iko karibu, akasema atapita kutazama, sisi tukae nyumbani. Tangu asubuhi nimefagia baraza mara ambazo hazihitajiki. Saumu alikuwa uani anafua. Abeid alijifanya anasoma gazeti, ukurasa haukugeuka. Mimi nilikaa na mama tukichambua mchele, na nilikuwa najipanga. Akikosa nitasema nini, uso wangu utakuwaje, nitamshika wapi. Mtu aliyezoea kuwapa wanawake habari mbaya anadhani atajua, kumbe kwa mwanawe hajui.

Baiskeli ikasimama nje. Nikasubiri kivuli kipite mlangoni.

"Hodi," sauti ikasema.

Mikono ya mama ikasimama kwenye mchele. Miezi yote hii mtu huyu hajapiga hodi nyumbani kwetu, tangu ile ya kwanza, kabla hajajua sisi ni akina nani.

"Karibu," Abeid akajibu, maana mimi sikuweza.

Kasiani akaingia, kofia mkononi. Akavua viatu. "Habari za mchana, Ndugu Abeid. Mama Saumu, habari za mchana. Samahani kwa usumbufu. Bibi, shikamoo."

Siku niliyomfukuza niliongea vivyo hivyo. Mtani akikuheshimu, ujue pamekufa kitu. Nikatafuta ule uso niliojipangia, sikuuona.

Saumu akatoka uani, mikono ina povu. Akasimama. Alimtazama Kasiani bila haraka, kuanzia juu kushuka chini, jinsi anavyoutazama ukurasa wenye mstari wa fahari chini ya jibu. Nikataka kumwambia njoo mwanangu, njoo hapa. Hakuwa ananiangalia mimi.

"Umekosea, mtani," akasema.

"Nimekosea nini, binti yangu?" Kasiani akauliza kwa upole wa msibani.

"Mtu anayeleta pole haji na gunia tupu."

Ndipo tukaliona. Lilikuwa limekunjwa chini ya kwapa lake, gunia la korosho, jipya. Uso wa Kasiani ukapigana wenyewe kwa wenyewe, pembe moja ya mdomo kisha nyingine, halafu ukashindwa.

"Mtumwa huyu," akamwambia mama, "nimemharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Jina lake liko la tatu kutoka juu. Mwambieni afungashe, na shule ikiuliza nani alimfundisha, waambieni mfalme."

Mama alimrushia konzi ya mchele. Abeid alikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nililia, naandika wazi, nililia kwa sauti mbele ya Mngoni, na Saumu alinishika kwa mikono yake yenye povu, akanicheka. Alinicheka vizuri kabisa, bila kukohoa.

Tulipotulia, Kasiani hakuwepo barazani. Nikasikia kuku wanapiga kelele uani na nikajua. Nikatoka. Alikuwa ameinama mbele ya banda, jogoo anampiga mbawa mikononi, na gunia linamkatalia kufunguka. Nilisimama nikamtazama akihangaika. Kisha nikalishika gunia, nikalifungua mdomo kwa mikono yote miwili, akamwingiza jogoo.

Kesho zamu yangu ni ya asubuhi, na sijui nani ataniamsha.